UZI: Nililiwa laki nne kutangaza kahawa kwenye kijarida cha imeili. Wenye biashara ndogo someni kabla hamjalipa

Kaanga Taratibu

Wakuu habari za usiku. Huku Uyole baridi imeshaanza kuuma, nimekaa jirani na kikaangio nasubiri bechi ya mwisho ipoe, nikaona niandike hili maana wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kilekile na nimechoka kurekodi voisi ndefu.

Mi nakaanga kahawa. Usije ukafikiri kiwanda, ni chumba kimoja, mashine ya kilo tano, mke wangu yuko kwenye lebo na kuna kijana mmoja wa kusaga na kufunga. Natoa Mbozi, arabika, na mara mojamoja napata ile ya punje moja, yani tunda linabeba kipunje kimoja cha duara badala ya viwili bapa, hiyo wazungu wanaigombania. Soko la hapa mjini ni dogo, watu wa Mbeya tunalima kahawa halafu tunakunywa chai, tusidanganyane. Wateja wangu wako Dar na Dodoma, watu wa ofisini, mzigo unapanda basi la alfajiri unafika usiku.

Mwaka jana jamaa akaniambia kaka, watu wa ofisini wanashinda kwenye imeili, katangaze kwenye hivi vijarida wanavyotumiwa kila wiki. Wazo halikuwa baya na mpaka leo nalitetea. Kosa lilikuwa kuchagua. Nikakuta kijarida kinasema kina watu 38,000, habari za biashara, ajira, fursa, tangazo la juu kabisa na picha laki nne. Nikapiga hesabu kwenye simu, laki nne gawa kwa 38, kila watu elfu moja nawafikia kwa kama 10,500. Nikasema hii si bure kabisa, nikalipa siku hiyohiyo, mazungumzo hayakufika hata robo saa.

Likatoka Jumanne. Nilikuwa nimeandaa pakiti 60, zimepangwa mezani zimebandikwa lebo, kijana nimemwambia kesho usichelewe. Jumatano kimya. Alhamisi ikaja oda moja ya Kinondoni. Ijumaa ikaja nyingine, naangalia jina, binamu yangu wa Tegeta, kaandika "nimeliona tangazo kaka hongera sana". Basi. Oda mbili kwa laki nne, kila mteja laki mbili, na mmoja ni ndugu yangu ambaye ningempa bure.

Kilichoniuma zaidi ni wiki mbili baadaye. Kijarida chenyewe kikaanza kuingia kwenye imeili yangu ya zamani, ile ya kifamilia ambayo nje ya ndugu nimewahi kuiandika sehemu moja tu, kwenye daftari la mahudhurio la semina ya wajasiriamali. Hapo ndo nikaelewa wale 38,000 wametoka wapi. Hawakujiunga wale. Waliokotwa.

Nitaendelea, bechi imepoa.

Mtoto wa Mafiati

Pole mkuu ila na wewe, imeili nani anasoma bongo hii? Mi imeili yangu nilifungua ili simu iwashe Play Store mpaka leo sijui hata neno la siri. Weka hela Instagram au magrupu ya WhatsApp uone.

Mama Gesti

Kamwene kaka. Pole sana. Mi nina gesti ya vyumba vitano hapa Iringa, Gangilonga, wageni wangu wengi ni wale wanaopita kwenda hifadhi ya Ruaha wanalala usiku mmoja. Kuna mtu ananishawishi nitangaze kwenye kijarida cha imeili cha watu wa nje wanaoishi Dar, sijui nimjibu nini. Naomba umalizie hiyo habari kabla sijatuma hela.

Kaanga Taratibu

Mama usitume kitu bado, tulia hapahapa.

Mafiati mdogo wangu umesema kweli nusu. Ukiuza chipsi kuku Kabwe usije ukanunua tangazo la imeili, utalia. Mteja wako yuko kwenye WhatsApp na anapita kwa miguu. Ila kuna watu kazi yao nzima iko kwenye imeili, balozini, mashirika, benki, walimu wa shule za kimataifa, wahasibu, asubuhi akifika ofisini anafungua hiyo kabla hajavua koti. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kabla ya bei ni mteja wangu anafungua imeili kwa hiari yake au anafungua akitafuta namba ya kuthibitisha akaunti? Kama ni la pili, funga mjadala kaa na hela yako.

Sasa nilivyofanya baada ya kuliwa. Niliwaandikia wateja wangu wa zamani kama 15 hivi, wale wanaorudi, nikawauliza tu, we ni kijarida gani cha imeili kikiingia unakisoma kweli, sio umejiunga, unakisoma. Wengi hawakujibu, wengine wakataja vya Marekani huko ambavyo mimi siviwezi, lakini wanne wakataja kimoja hichohicho, kinaandikwa na mtu mmoja, kila Alhamisi, mambo ya wikiendi Dar, wapi pa kula, nani anauza gari, nani anahama anagawa paka. Kina watu 1,900 tu.

Nikajiunga. Nikakisoma wiki sita bila kumwambia mwenyewe chochote. Hapa ndo kwenye siri yote ya huu uzi kama mnataka kuisikia: soma matangazo ya wenzako. Yule jamaa wa mikate ya unga wa ngano nzima alikuwepo wiki ya kwanza, akawepo ya tatu, akawepo ya tano. Hakuna mfanyabiashara mdogo anayelipa mara tatu kwa kitu kisicholeta wateja, hana hela hiyo. Nikampigia yule wa mikate, nikamwambia kaka mi nauza kahawa sina ugomvi na mkate, hebu niambie ukweli. Akacheka, akasema Alhamisi jioni simu yake inaita.

Kile cha 38,000 nilirudi kukiangalia matoleo ya nyuma. Kila wiki mtangazaji mpya. Hakuna aliyerudi hata mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo.

Mbena wa Makambako

Hiyo ya kumpigia mtangazaji mwenzio nimeipenda, yani kama kuuliza fundi kwa mtu aliyejengewa nyumba.

Mtuma Barua

Mkuu mimi natengeneza kijarida cha imeili (sio hicho chako, na sitakitaja nisionekane natangaza), nimefurahi kuona hii. Niongezee ya upande wetu wa jikoni ambayo wauzaji hawawaambii.

Mtu akikwambia "barua zetu zinafunguliwa kwa asilimia 60" usishangilie. Kufunguliwa kunahesabiwa kwa kapicha kadogo ka pikseli moja kanakofichwa ndani ya barua, kakipakuliwa mfumo unasema huyu kafungua. Septemba 2021 Apple walipoleta iOS 15, mfumo wa iPhone, wakaweka ulinzi kwenye programu yao ya Mail, mwenye simu akiuwasha picha zinapakuliwa na seva zao zenyewe hata kama hajaigusa hiyo barua. Kwa hiyo mtu amelala anahesabika kasoma. Na wageni wengi wanatumia iPhone, ndo maana namba za vijarida vyao ni nzuri kupita kiasi.

Mibofyo ni afadhali, ila nayo ina wadudu wake. Mashirika makubwa yana mitambo ya usalama inayobofya kila linki kabla barua haijamfikia mfanyakazi. Ukiona mibofyo 40 imeingia ndani ya dakika mbili za kwanza, hao sio wanywa kahawa.

Mi mtangazaji akiniuliza swali moja tu la maana basi ni hili: wiki iliyopita wangapi walikujibu? Kijarida chenye watu hai kinajibiwa. Watu wanabishana, wanasahihisha, wanauliza. Mwambie akuoneshe skrinishoti ya majibu matano amefuta majina. Akiguna, ondoka.

Kaanga Taratibu

Mtuma Barua ndaga fijo! Hiyo ya majibu nilikuwa siijui.

Niendelee. Bei ya huyu wa Alhamisi, 90,000 toleo moja, matatu kwa 240,000. Angalieni sasa, kwa hesabu ile ya kila watu elfu moja huyu ni ghali mara nne na zaidi ya yule wa kwanza, 90,000 gawa kwa 1.9 ni kama 47,000. Mke wangu akaniambia umeliwa mara moja sasa unalipa zaidi? Nikamwambia tulia.

Matokeo ya matoleo matatu: oda 21 mpya. Kila mteja kanigharimu kama 11,400. Wengi walichukua pakiti mbili za robo kilo, pakiti 12,000, mi faida yangu baada ya kila kitu ni kama 4,000 kwa pakiti. Piga hesabu wenyewe, faida ya oda za kwanza ni 168,000 na nilitoa 240,000, kwa hiyo kwenye oda ya kwanza NILIPATA HASARA. Hapa ndo wengi wanakata tamaa wanasema haifanyi kazi. Ila wateja tisa kati ya wale walirudi mwezi uliofuata na wanachukua mbili mbili kila mwezi, hiyo ni 72,000, hela imerudi yote na sasa kila mwezi inayoingia ni yangu. Kahawa inaisha mtu ananunua tena. Wewe unayeuza kitu cha kununuliwa mara moja kwa miaka kumi, meza, geti la chuma, hesabu yako ni nyingine kabisa, kwako oda ya kwanza lazima ilipe yenyewe.

Kujua oda imetoka wapi nako usitegemee mibofyo ya saiti, watu wetu wanaona tangazo wanaingia WhatsApp. Nikatengeneza ile linki ya WhatsApp inayofungua na ujumbe umeshaandikwa, "Habari, nimetoka kwenye kijarida cha Alhamisi", mtu anabofya anatuma tu. Nilivyofanya hivyo ndo nikaanza kuona kwa macho.

Miche Bora Igawilo

Mkuu mi nauza miche ya parachichi, Hass iliyobebeshwa, nataka kutangaza nje ya Mbeya. Hii kitu inanifaa?

Kaanga Taratibu

Kaka mteja wako nani? Mkulima wa Rungwe au Wanging'ombe anayetaka miche 100 mvua ikianza? Huyo mpate kwenye redio ya mkoa, afisa ugani, na picha za kitalu kwenye WhatsApp. Ila kama unalenga hawa waajiriwa wa Dar wenye ekari 20 Njombe wanaolima kwa simu, hao wanasoma imeili sana tu, hao hata kijarida cha kilimo kidogo kitawapata. Usitangaze Machi lakini. Mtu anapanga hela ya mche mvua haijaanza, wewe ukitangaza mvua zinaisha unatangazia mtu aliyeshapanda.

Mtoto wa Mafiati

kulima kwa simu 😂😂 mwamba umetusema wengi

Mama Gesti

Sasa kaka na mimi? Wangu kanitumia ujumbe, anasema ana watu 2,400, nafasi ya chini kabisa maneno 40 bila picha ni 45,000, ya juu na picha 150,000. Au ananipa barua nzima peke yangu kwa laki tatu na nusu.

Mtuma Barua

Dada barua nzima achana nayo kwanza, hiyo ni ya mtu aliyeshajua tangazo lake linauza. Ya maneno 40 ni nzuri kwa kujaribu, watu wanaopenda kijarida wanasoma vile vitangazo vya chini kama wanavyosoma umbea. Ila muulize barua yake ina uzito gani. Gmail inakata barua ikizidi kama kilobaiti 102, inaweka kimstari cha "ona ujumbe wote" na nani anabofya hicho? Tangazo lako la chini linakuwa limezikwa. Jitumie toleo la wiki hii ufungue kwenye Gmail ya simu, shuka mpaka mwisho uone kama mwisho unafika.

Halafu muulize pia watu wake walijiungaje. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, mtu anayetuma barua 5,000 na kuendelea kwa siku lazima athibitishe anwani yake ya mtandao, aweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Wa kwako ni mdogo hafiki huko ila ustaarabu ni uleule, tafuta kitufe cha kujitoa, kisipoonekana jua pana jambo.

Mwanasheria Mtoro

Na ile ya kuokota imeili kwenye daftari la semina aliyosema mwanzisha uzi, wenye vijarida mjue tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Mtu alitoa imeili kwa ajili ya mahudhurio, hukupewa kwa ajili ya kumtangazia. Na nyie watangazaji jina lenu ndo linaonekana pale juu, aliyekereka anakereka na kahawa yako, sio na aliyetuma.

Kaanga Taratibu

Hiyo nimeipata kwa uchungu, kuna mtu mmoja alinijibu "nani kakupa imeili yangu" nikakosa la kusema.

Mama Gesti, chukua ya maneno 40, ila lipia mara tatu, sio moja. Mara ya kwanza mtu anaona, ya pili anakumbuka, ya tatu ana safari. Kwangu oda 21 zilikuja 4, 6, 11. Ningelipia moja ningeandika uzi wa kulalamika. Na anza Aprili au Mei, shule za kimataifa zikifunga Juni hao wageni wanakuwa wameshapanga Ruaha yao, na kutoka Iringa mpaka huko ni zaidi ya kilomita 100 kwa hiyo lazima walale mahali.

Na maneno yenyewe. Tangazo langu la laki nne lilisema hivi, nalinakili kwa aibu: "Karibu ufurahie kahawa bora na halisi kutoka Nyanda za Juu Kusini. Ubora wa kimataifa kwa bei nafuu. Wasiliana nasi leo!" Nani anabofya hiyo? La Alhamisi lilisema: "Kahawa ya Mbozi, imekaangwa Uyole Jumatatu, iko Dar Jumatano. Robo kilo 12,000. Tuambie unatumia chujio, moka au sufuria tukusagie inavyotakiwa. Taja ALHAMISI upate gramu 50 za kuonja." Mwenye kijarida mwenyewe ndo alinisaidia, akaniambia niandikie kama unavyomjibu mteja kwenye simu. Jiulize mgeni akikupigia anauliza nini cha kwanza, hicho ndo weka.

Mama Gesti

Nimeandika, msinicheke: "Unaenda Ruaha? Lala Iringa usiku mmoja. Vyumba vitano, bustani, sehemu ya kuegesha gari kubwa ndani ya geti, kifungua kinywa kuanzia saa 11 alfajiri uwahi njia. Mbwa anaruhusiwa. Dakika kumi kutoka mjini. Bonyeza tuongee WhatsApp." Nimehesabu hayafiki arobaini.

Mbena wa Makambako

Limekaa vizuri mama, hiyo ya saa 11 ni akili. Ila mbona hujasema maji ya moto? Juni, Julai, Gangilonga, mtu katoka Dar.

Mama Gesti

Mwanangu maji ya moto si yanajulikana tu kwamba yapo, gesti gani haina. Nafasi hiyo nimempa mbwa, wageni wa Dar wana mbwa sana.

Mtoto wa Mafiati

mbwa kapata nafasi maji yamekosa 😂

Kaanga Taratibu

Muacheni. Mama tuma, halafu uje utuambie.

Mama Gesti

Nimerudi. Limetoka leo asubuhi, toleo la kwanza. Mpaka sasa saa nne usiku WhatsApp wameingia wageni sita kwa ile linki. Wawili wameshika chumba, wikiendi ya pili ya Juni, mmoja ana mbwa. Wanne wameuliza kama kuna maji ya moto.

Toleo la pili mbwa anatoka.